Mzito Naye Ana Zamu Yake

Miongoni mwa michezo ya video ambayo imepata kuenea duniani, ni akali tu iliyowashughulisha wakubwa kwa wadogo kwa kadiri ya Pokémon, mchezo wa Kijapani uliobuniwa na Satoshi Tajiri pamoja na wenzake wa kampuni ya Game Freak, ukatolewa Februari 1996 kwa ajili ya chombo cha mkononi cha Nintendo kiitwacho Game Boy, na ambao tangu siku hizo haukukoma kuongezwa viumbe, sheria na hila, hata sasa viumbe wake wamepindukia elfu moja. Watoto wengi huucheza kwa kustarehe, wakikusanya viumbe wawapendao na kuwalea. Walakini wako watu wazima, wenye kazi na familia zao, ambao hukutana katika mashindano ya dunia kupambanisha viumbe hao kwa hesabu na tadbiri, na kwao swali moja limekuwa gumu tangu mwanzo: kiumbe aliyejaaliwa nguvu nyingi na kunyimwa mwendo ana faida gani mbele ya mahasimu ambao daima humtangulia kupiga?

Ili swali hilo lieleweke, yafaa msomaji ajue jinsi pambano linavyokwenda. Katika bao wachezaji hupokezana zamu, huyu akimaliza kete zake mwenzake huanza. Katika Pokémon sivyo, kwani wachezaji wote wawili huchagua amri zao kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa hajui la mwenzake, kisha mchezo wenyewe hupanga nani atangulie na nani afuate. Kila kiumbe ana sifa sita zinazohesabiwa, nazo ni uhai, nguvu ya kupiga kwa mwili, kinga ya pigo la mwili, nguvu ya kupiga kwa uwezo wa pekee, kinga ya pigo hilo, na kasi. Na ya sita ndiyo ipangayo utaratibu wa duru. Mwenye kasi kubwa hupiga kwanza, na faida yake hapo si ndogo, kwa sababu hasimu aliyeangushwa kabla ya kutenda huwa amepoteza amri yake yote, hata kama pigo alilokusudia lingebomoa mlima.

Katika mchezo wa kwanza wepesi walipewa haki zaidi ya hiyo. Uwezekano wa kupiga pigo la ghafla, lenye kuzidisha madhara maradufu, ulitokana na kasi ya asili ya kiumbe, hivyo Tauros, fahali mwenye kasi ya 110, alibahatika kulipata takriban mara moja katika kila mapigo matano, ilhali Snorlax, jitu lilalo usingizi lenye uzito wa kilo 460 na kasi ya 30 tu, alilipata kwa nadra, kiasi cha mara sita katika mapigo mia. Sheria hiyo ilikuwa na dhuluma ndani yake, maana ilimlipa mwepesi mara mbili kwa sifa moja, na mzito ikamtoza mara mbili kwa ila moja.

Ulipotolewa mchezo wa Gold na Silver mwaka 1999 dhuluma hiyo iliondolewa. Pigo la ghafla likawekewa kiwango kimoja kwa viumbe wote, na Snorlax akapanda daraja hata akawa sultani wa mapambano ya wakati ule. Siri yake haikuwa kuongeza mwendo, bali kuuacha kabisa. Alifundishwa hila iitwayo Curse, ambayo humwongezea mtendaji nguvu na kinga yake ya mwili kwa nusu nzima na kumpunguzia kasi. Nayo ni biashara nzuri kwake, maana huuza kitu asichokuwa nacho na kununua vitu viwili anavyovihitaji. Kwa kuwa uhai wake ungeweza kufika 523, na akibeba mabaki ya chakula hurudishiwa sehemu moja ya kumi na sita ya uhai huo kila duru, alistahamili mapigo ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila duru iliyopita ilimkuta ana nguvu kuliko iliyotangulia. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya mzito, nayo ni njia ya subira: kukubali kupigwa kwanza, kwa sharti kwamba pigo la kwanza halitoshi kumwangusha.

Njia ya pili ilikuja mwaka 2006 pamoja na mchezo wa Diamond na Pearl, nayo ni ya kushangaza zaidi, kwa kuwa haimfundishi mzito kustahamili sheria, bali huipindua sheria yenyewe. Ilibuniwa hila iitwayo Trick Room, ambayo kiumbe akiitenda, utaratibu wa kasi hugeuka juu chini, wa mwisho akawa wa kwanza na wa kwanza akawa wa mwisho, kwa muda wa duru tano. Duru ya kutendwa kwake nayo huhesabiwa, na kwa kuwa hila hii hutendwa baada ya amri nyingine zote, mwenye nayo hubakiwa na duru nne kamili za kuitumia. Hapo hekima yote ya malezi nayo ikageuka. Mchezaji aliyezoea kutafuta viumbe wa kasi akaanza kutafuta wale waliozaliwa na sifuri katika urithi wa mwendo, akiwachagulia tabia zinazowapunguzia kasi kwa sehemu moja ya kumi na kuwaongezea nguvu kwa kiasi hicho hicho. Chukua mfano wa Torkoal, kobe mwenye makaa ya moto ndani ya gamba lake, ambaye kasi yake ya asili ni 20: katika ngazi ya 50 inayotumika mashindanoni anaweza kulelewa hata akafika kasi ya 79, ambayo haimfai kitu kwa kuwa bado ni ndogo mno, au akaachwa ashuke hadi 22, nayo ikawa fahari yake.

Na tumtazame kobe huyo kazini katika mapambano ya wawili kwa wawili, ambayo ndiyo desturi ya mashindano ya dunia. Upande mmoja wa uwanja wamesimama Zapdos na Urshifu, wote wepesi na wakali. Upande wa pili wamesimama Indeedee, kiumbe dhaifu mwenye moyo wa kujitolea, na Hatterene, bibi mwenye kofia ndefu na kasi ya 29. Katika duru ya kwanza Indeedee hutenda Follow Me, hila ya kuyavuta kwake mapigo yaliyolengwa kwa mwenzake. Zapdos anapiga, Urshifu anapiga, na Indeedee anaanguka kama ilivyokusudiwa, lakini Hatterene amesalimika, naye mwishoni mwa duru anaipindua sheria. Nafasi iliyoachwa wazi inaingiwa na Torkoal, na mara aingiapo jua kali linawaka, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia yake ya asili.

Duru ya pili huanza na kobe. Pigo lake huitwa Eruption, nalo lina nguvu ya 150 maadamu uhai wake ni kamili, likipungua kadiri uhai unavyopungua, hata akiwa na nusu ya uhai hubaki na nguvu ya 75. Kwa kuwa huwapiga mahasimu wote wawili kwa pamoja, hukatwa robo. Jua huliongeza kwa nusu. Na kwa kuwa ni pigo la moto litokalo kwa kiumbe wa moto, huongezwa nusu nyingine, hata hesabu ikafika takriban 253 kwa kila mmoja. Urshifu ambaye hakujikinga wala hakubeba chombo cha kumwokoa huanguka papo hapo. Zapdos hubaki hoi, na kabla hajapata nafasi ya kuinua bawa, Hatterene, ambaye sasa ni wa pili kwa wepesi uwanjani, humaliza kazi. Viumbe wawili waliokuwa wakiogopwa kwa kasi yao wameondoka bila kutenda neno katika duru hiyo.

Pale ambapo sheria haikupinduliwa, uzito nao una faida zake, ingawa hazionekani kwa jicho la haraka. Viumbe wawili waletao hali mbalimbali za hewa wakiingia uwanjani kwa pamoja, mwenye kasi hutangulia kuleta yake, kisha mzito huifuta kwa kuleta ya kwake. Kwa hiyo Pelipper, ndege wa mvua mwenye kasi ya 65, huanzisha mvua ambayo Torkoal huikausha palepale. Kadhalika wako wapigaji ambao wakishapiga hurudi nyuma na kumpisha mwenzao; akiwa mwepesi, mwenzake huingia na kupokea pigo la hasimu, lakini akiwa mzito, yeye mwenyewe ameshalipokea pigo hilo, na mwenzake huingia salama salimini. Liko pia pigo la Gyro Ball, ambalo nguvu yake hupimwa kwa uwiano wa kasi ya mpigwaji na ile ya mpigaji, hivyo Ferrothorn, mwiba wa chuma mwenye kasi ya 20, huwaumiza zaidi wale wanaomzidi sana mwendo.

Haya yote hayamaanishi kwamba mzito ameupata ushindi wa bure. Mahasimu wenye maarifa wanajua kuhesabu hadi tano, nao wakikuta sheria imepinduliwa hujikinga duru moja, hubadilisha viumbe duru ya pili, na kujaribu kuzimaliza zile nne pasipo hasara kubwa. Wengine humkabili mtendaji wa hila kabla hajaitenda, kwa Taunt imzuiayo kutenda lolote isipokuwa kupiga, au kwa Fake Out imshtuayo hata akapoteza zamu. Ndiyo sababu wengi humpenda Hatterene, kwani anaweza kuzaliwa na tabia ya kumrudishia mtukanaji Taunt yake, na ndiyo sababu humwandamanisha na Indeedee, ambaye ardhi anayoitandaza huwazuia wenzake wasimamao juu yake wasipatwe na mapigo ya kutangulizwa kama Fake Out. Wengine tena hubeba Trick Room yao wenyewe, kwa kuwa ikitendwa mara ya pili ilhali ya kwanza ingali hai, huifuta, na sheria ya zamani hurejea palepale. Na wako walio na Wide Guard, ngao ipanuliwayo mbele ya wawili, ambayo Eruption haiwezi kuipenya.

Kutokana na hayo hudhihiri tofauti kubwa baina ya viumbe wa aina mbili hizi. Mwepesi anaweza kufaa peke yake, kwa sababu haki yake ya kutangulia iko mwilini mwake; mzito hupewa haki hiyo na wenzake, na kila nguvu anayoionyesha ni deni lililolipwa na mwingine aliyesimama mbele yake. Wanaoanza kucheza aghalabu humtazama Torkoal, wakaona tarakimu ya 150, wakamwingiza kikosini wakitumaini kwamba nguvu itajitafutia njia, kisha wakashangaa anapoangushwa kabla ya kufungua kinywa. Kosa si la kobe. Mwenye kumchagua mzito sharti ajibu maswali matatu kabla ya pambano kuanza: nani atampindulia sheria, nani atamlinda huyo mpinduzi katika duru moja aliyo dhaifu, na wakati sheria ya zamani itakaporejea mwishoni mwa duru ya tano, nani atakayebaki uwanjani mwenye kasi ya kumalizia kazi. Asiye na jibu la swali la tatu ndiye ashindwaye mara nyingi zaidi, kwa kuwa amekijaza kikosi chake wazito watupu, akasahau kwamba muda wao umehesabiwa.