Kwaresima na Moyo Wenye Uchungu

Huko Cheptais, katika miteremko ya Mlima Elgon, Kwaresima huwakumbusha watu mwaka 2008. Machi ya mwaka ule, kabla ya Pasaka, jeshi liliingia mlimani kuwasaka wapiganaji wa SLDF, baada ya ugomvi wa mashamba ya Chepyuk kumwaga damu tangu 2006. Mkristo aliyefiwa wakati ule hufunga na kusali, lakini neno la kusamehe humkwama kooni. Je, imani yake imekufa?

Katika nchi jirani ya Uganda, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikwama vivyo hivyo. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa tarehe 16 Februari 1977, Kivengere alikimbia nchi, moyo umejaa chuki juu ya Idi Amin. Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa kanisani London, alitafakari jinsi Yesu alivyowaombea wauaji wake, akaona kwamba yeye, askofu, ameshindwa. Akaomba neema. Mwaka uleule kikatoka kitabu chake, kikitangaza kwamba anampenda Amin.

Kusamehe hakuizuii haki. Lakini anayekiri mbele ya Mungu kwamba hawezi, amekwisha kuianza njia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.