Kizunguzungu Kisichoisha: Huenda Chanzo ni Shingo

Mgonjwa aliyesumbuliwa na kizunguzungu kwa miezi kadhaa mara nyingi huwa amekwisha pimwa malaria mara tatu, na pengine kupewa vidonge vya presha ambayo hana. Ni wachache wanaoulizwa swali hili rahisi: je, shingo yako inauma?

Ubongo hujua kichwa kimeelekea wapi kwa kuunganisha habari kutoka kwa macho, sikio la ndani na viungo vya shingo, hasa vile vya juu karibu na kisogo. Viungo hivyo vikikakamaa, labda baada ya ajali ya matatu au miaka mingi ya kuinamia kazi mezani, habari zake hukinzana na za macho na masikio. Mtu huhisi akiyumba, naye kwa kawaida huwa na maumivu ya shingo. Hali huzidi anapoigeuza.

Hakuna kipimo cha damu wala picha inayothibitisha jambo hili. Eksirei ya mtu wa miaka 60 mara nyingi huonyesha pingili zilizochakaa hata kama hana dalili yoyote. Kwa hivyo daktari hana budi kuchunguza kwanza upungufu wa damu, presha, sukari, dawa unazomeza, na sikio. Ikiwa chumba huzunguka kwa sekunde chache kila unapojigeuza kitandani, huenda ni chembechembe za chokaa zilizohama ndani ya sikio. Hizo hurudishwa kwa kugeuza kichwa hatua kwa hatua, njia ambayo daktari Mmarekani John Epley aliichapisha mwaka wa 1992.

Iwapo ni shingo, mtaalamu wa fiziotherapia huchua misuli, husogeza viungo polepole, kisha hukupa mazoezi ya kufanya nyumbani. Vidonge vya kizunguzungu visitumiwe kwa miezi. Huchelewesha ubongo kuzoea.

Lakini si kila mkono unafaa. Kinyozi anayemaliza kazi kwa kuipinda shingo ghafla hadi mifupa ialike hajui anachochezea. Mishipa miwili ya damu iendayo ubongoni hupitia matundu ya pingili hizo. Ni nadra ichanike, lakini ikichanika huweza kuleta kiharusi hata kwa kijana. Mkatalie, hata kama hakutozi chochote.

Na kizunguzungu kikija ghafla pamoja na maumivu makali mapya ya shingo, kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, mkono kukosa nguvu au kushindwa kutembea, usitafute wa kukuchua. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.