Kakao Nzito Hupikwa Jikoni, Hainunuliwi Koponi

Iwapo una watoto wanaodamka alfajiri kwenda shule, au wewe mwenyewe warejea nyumbani umechoka baada ya zamu ya usiku, bila shaka umekwisha kuona haja ya kinywaji cha moto chenye kushibisha. Wengi wetu hukimbilia makopo yenye picha za kupendeza yaliyopangwa madukani. Lakini mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali. Kakao nzito, yenye harufu na ladha kamili, hutokana na namna ya kuipika, wala si uzuri wa kopo.

SOMA KOPO KWANZA

Kabla hujatoa fedha zako, geuza kopo usome orodha ya vitu vilivyomo. Kwa desturi vitu hivyo huorodheshwa kwa kufuata uzito: kilicho kingi zaidi hutangulia. Katika makopo mengi ya chokoleti ya kunywa, kinachotangulia ni sukari, na kakao hufuata nyuma. Maana yake ni kwamba mnunuzi hulipia sukari kwa bei ya kakao. Afadhali ununue unga wa kakao tupu, kisha utie sukari kwa kipimo chako mwenyewe. Meno ya watoto yatakushukuru.

Huenda umewahi kuukoroga unga huo katika maji ya moto ukapata kinywaji chepesi na kichungu. Sababu ni hii. Punje ya kakao, kama ilivyo karanga, ina mafuta mengi: takriban nusu ya uzito wake. Mwaka 1828, huko Uholanzi, familia ya Van Houten ilipata hataza ya njia ya kuyakamua mafuta hayo kwa mashine. Mashudu yanayobaki ndiyo husagwa yakawa unga tuujuao. Basi yatupasa kuurudisha uzito huo kwa njia mbili: kwa mafuta ya maziwa, na kwa wanga uliomo ndani ya kakao yenyewe, ambao huvimba unapochemshwa.

NAMNA YA KUPIKA

Kwa vikombe vinne tayarisha maziwa lita 1, unga wa kakao vijiko 6 vya mezani, sukari vijiko 4, maji ya moto nusu kikombe, chumvi kidogo sana, na kipande cha mdalasini au iliki 2 zilizopondwa.

Changanya kakao, sukari na chumvi zingali kavu. Hatua hii isidharauliwe, kwani chembe za sukari huzitenganisha chembe za kakao zisigandamane kuwa madonge. Tia maji ya moto kidogo kidogo, ukisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka upate uji mzito unaong'aa. Bandika uji huo kwenye moto mdogo, uchemke dakika 2 huku ukikoroga ili usiungue.

Sasa mimina maziwa polepole, tia mdalasini, na uache yachemke. Ikiwa ni maziwa mabichi ya ng'ombe, yachemke barabara, kwa maana yaweza kubeba viini vya maradhi kama kifua kikuu. Punguza moto, endelea kukoroga dakika 5, kisha epua na upige kwa uma mpaka povu lipande. Upendaye nzito zaidi, koroga kijiko 1 cha chai cha konfloa katika maziwa baridi kidogo, uitie dakika chache kabla ya kuepua.

Penye uhaba wa maziwa, tui zito la nazi kikombe 1 kwa maji vikombe 3 hufaa pia. Ila tui lisichemshwe kwa nguvu, lisije likakatika.

Jambo moja la hadhari: kakao ina kafeini kidogo. Watoto wadogo wapewe asubuhi kuliko wakati wa kulala, na mtoto mchanga asipewe kabisa.

PUNJE ZA KYELA

Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hulimwa Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mkulima hupasua tunda, huvundika punje kwa siku 5 hadi 7, kisha huzianika juani. Zisipovundikwa hazitoi harufu ya chokoleti. Baada ya kazi yote hiyo, nyingi huuzwa nchi za nje, nasi hununua makopo yanayotoka huko.

Ukiwa na ndugu Kyela, mwombe akuletee kilo moja ya punje zilizokauka. Zikaange katika kikaango kwa moto mdogo kwa dakika 20 hivi, ukigeuza, hadi maganda yalegee. Zimenye, uzipepete, kisha uzitwange katika kinu kilichopashwa moto mpaka zitoe mafuta na kuwa rojo. Fanya vidonge, viache vigande. Katika visiwa vya Karibi kama Grenada na Saint Lucia, familia hukwaruza vidonge vya namna hiyo na kuvichemsha pamoja na viungo kwa chai ya asubuhi. Kwa kuwa mafuta hayakukamuliwa, utayaona yakielea juu ya kikombe. Huo ndio utamu ambao kopo halina.

Mwaka 2024, mavuno yalipopungua Afrika Magharibi, bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani. Kitu cha thamani namna hiyo, kinachoota katika ardhi yetu, hakistahili kufichwa chini ya rundo la sukari. Jaribu Jumapili hii, na watoto washike mwiko nao wajifunze.