Kinyozi Hajinyoi: Nilivyopoteza Picha za Mama

Jumapili moja asubuhi, kabla sijamaliza chai na mahamri, simu ililia. "Mjomba, kompyuta imekufa!" Alikuwa mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, na kazi yake ya muhula ilitakiwa kesho yake. Nilimuuliza swali ambalo nimewauliza watu kwa zaidi ya miaka 20: "Umeangalia waya wa stima?" Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia kicheko. Kumbe kuna mtu aliyekuwa akipiga pasi nguo, akauchomoa waya ule na kusahau kuurudisha. Maiti akafufuka papo hapo!

Kazi yangu ni kusimamia mitambo ya kompyuta katika kampuni moja hapa Mombasa. Mambo yakienda vyema, hakuna anayekumbuka kwamba nipo. Yakiharibika, kila mtu analijua jina langu. Huko Marekani, msimamizi mwenzetu Ted Kekatos alianzisha siku ya kutushukuru mwaka wa 2000, nayo huadhimishwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Julai. Mimi sijaletewa hata andazi, lakini silalamiki.

Leo nataka kukueleza, msomaji, machache niliyojifunza katika kazi hii. Pia nataka kuungama kosa moja ambalo sitalisahau.

Usiwe na pupa

Mama akimpeleka mtoto hospitalini, daktari haanzi kwa sindano. Huanza kwa maswali. Ameanza kuugua lini? Amekula nini? Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Jiulize: mara ya mwisho ilifanya kazi sawasawa lini? Ni kitu gani kilichobadilika tangu siku hiyo? Na je, kwenye kiwambo pameandikwa nini? Watu wengi hulipuuza swali hili la mwisho. Wakiona ujumbe wa hitilafu huuondoa upesi kana kwamba wameona nyoka. Uandike ujumbe huo kwenye karatasi, au uupige picha kwa simu. Mara nyingi dawa imo humo humo.

Pili, zima kisha uwashe tena. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini si mzaha. Kompyuta ina kumbukumbu ya muda ambamo programu huweka shughuli zake zinapoendelea. Saa zikipita, baadhi ya programu hujichukulia nafasi na kukataa kuiachilia, na nyingine hukwama zikingojeana. Ukizima, hayo yote hufutika na mashine ikaanza upya. Ila ikiwa bado inakusikia, hifadhi kazi yako kwanza.

Tatu, chunga joto na vumbi. Wengi huiweka laptopu juu ya kitanda au mto. Matundu ya hewa huzibika, feni ikavuma kama nyuki, mashine ikawa nzito na mwishowe ikajizima yenyewe. Iweke mezani. Hapa pwani tuna pia unyevu na hewa ya chumvi, ambavyo hula vyuma polepole. Usiiache dirishani.

Nne, angalia nafasi iliyobaki kwenye diski. Kompyuta iliyojaa hadi pomoni huwa haina mahali pa kufanyia kazi, hivyo hukokota miguu. Kabla ya kukimbilia kununua mpya, ondoa mizigo usiyoihitaji.

Na tano, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na sikulipata darasani. Nililipata barazani.

Somo la bao

Nikitoka kazini, utanikuta nikicheza bao na wazee wa mtaa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kete moja ikitua pasipofaa yaweza kugeuza mchezo mzima. Mzee aliyenifunza alikuwa akinizuia mkono na kuniambia, "Hesabu kwanza, mwanangu. Kete haikimbii."

Mchezaji mgeni huzoa kete na kuzitawanya huku akiomba bahati. Fundi mbaya wa kompyuta naye hubadilisha mambo matano kwa mpigo. Mashine ikipona, hajui kilichoiponya. Ikizidi kuumwa, hajui alichoharibu. Mwaka wa 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, wahandisi wa mtambo wa Mark II walitafuta hitilafu hadi wakamkuta nondo amenaswa ndani ya mojawapo ya swichi zake. Walimgandisha mdudu huyo kwenye daftari lao la kazi na kuandika kisa chake. Wangebabaisha tu huku na huku, nondo yule angebaki pale pale.

Aibu yangu

Sasa niungame. Kazini, kila usiku, mitambo yangu hunakili kumbukumbu zote za kampuni na kuziweka mahali pengine. Nyumbani nilikuwa na diski moja tu ya nje, ndani ya droo. Humo niliweka picha zote za mama: harusi ya dadangu, Idi za miaka mingi, na sauti yake akieleza jinsi anavyopika biriani. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi.

Mama alifariki mwaka wa 2019. Mwaka uliofuata ndugu zangu waliniomba zile picha. Nikaichomeka diski. Ikatoa mlio: ta, ta, ta.

Mlio huo naujua. Diski ya aina hiyo ina bamba linalozunguka kwa kasi na mkono mdogo unaosoma juu yake bila kuligusa. Ikianza kugonga hivyo, mara nyingi mkono huo umeshindwa kazi, na kila unapoiwasha unaweza kulikwaruza bamba na kuharibu kilichobaki. Dawa ni kuizima mara moja na kumpelekea fundi wa kuokoa diski. Nimewaonya watu miaka nenda miaka rudi. Lakini usiku ule, kwa uchungu, niliijaribu tena na tena hadi alfajiri. Kulipokucha haikuzunguka tena. Mafundi wawili niliowapelekea baadaye walitikisa vichwa.

Nilipompigia dadangu mkubwa kumweleza, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kwani si wewe ndiye fundi?" Hakuongeza neno. Hadi leo linaniuma.

Nakala tatu

Hata wakubwa huteleza. Mwaka wa 1998, kampuni ya Pixar ilipokuwa ikitengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2, amri ya kufuta ilitolewa kimakosa na sehemu kubwa ya filamu ikatoweka. Walipokimbilia nakala za akiba, wakakuta hazifai. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mama aliyekuwa amejifungua karibuni na akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Waliifunga mablanketi na kuisafirisha kwa gari kama mtoto mchanga.

Kanuni yetu ni nyepesi: weka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Moja ikae kwenye simu au kompyuta yako, ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu kwa ndugu wa mji mwingine au katika hifadhi ya intaneti. Droo moja ikiibiwa au kuungua, mbili zitabaki. Kisha, kila baada ya miezi michache, zifungue uone kama zinasomeka. Nakala usiyowahi kuifungua usiitegemee.

Miezi kadhaa baada ya msiba wa diski, mpwa wangu yule yule aliikuta simu yake ya zamani kabatini. Akaitia chaji. Ndani yake mlikuwa na ujumbe wa sauti wa mama, wa sekunde 40: "Mwambie mjomba wako aache hizo kompyuta aje ale." Tuliusikiliza sote, na dadangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimpigie simu ile. Sauti hiyo sasa iko mahali patano, mojawapo ikiwa kwa dadangu huko Lamu.

Basi, msomaji, leo ni Jumapili. Kabla hujatoka kwenda kutembea, chukua simu yako, tafuta picha za wale uwapendao, na uzitolee nakala. Bao litakungoja.