Mzimu, Pepo, Kizuka: Tatizo la Istilahi katika Filamu za Jumba la Kutisha

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja la tafsiri: jumba linalosumbua wakazi wake katika filamu za kutisha tuliite kwa jina gani, hasa kisa kile kile kinapoundwa upya? Swali hili si dogo. Wasimulizi kama DJ Afro wa Kenya na Lufufu wa Tanzania wamejipatia umaarufu kwa kuweka sauti ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, na neno la msimulizi ndilo tafsiri pekee wanayoipata watazamaji wengi.

Tuchukue mfano wa The Haunting, filamu ya Robert Wise ya mwaka 1963, iliyotokana na riwaya ya Shirley Jackson ya mwaka 1959. Humo mzuka hauonekani kamwe. Husikika vishindo, na mlango hubenuka. Eleanor, aliyealikwa na mtafiti, ni mgeni asiye na nasaba na jumba hilo. Jan de Bont alipoiunda upya mwaka 1999, mambo mawili yalibadilika. Kwanza, picha za kompyuta zilionyesha yale yaliyofichwa. Pili, Eleanor alifanywa kuwa wa kizazi cha Hugh Crain, mjenzi wa jumba, na roho za watoto waliodhulumiwa zikamwita azikomboe. Katika tamthilia ya Mike Flanagan ya mwaka 2018, yenye sehemu 10, ukoo wa Crain wenyewe ndio waliopata kuishi humo, na baadhi ya wafu ni jamaa zao.

Sasa tuyapime maneno yetu. Pepo aghalabu humpanda mtu kichwani, naye hupungwa. Makao yake ni mwili kuliko nyumba. Shetani, lisikikapo kanisani, ni adui wa Mungu, wala si marehemu. Kizuka hutokana na kuzuka, yaani kutokea ghafla. Tena ni jina la mjane aliye edani. Mzimu hutukumbusha kuzimu, matambiko na wahenga: ni mfu mwenye watu wake.

Tofauti hizi huonekana waziri mahali kama Mautuma, katika Kaunti ya Kakamega. Huko Lugari, katika ardhi iliyokuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, Waluhya wa lahaja mbalimbali walipewa makazi baada ya uhuru. Mmaragoli husema emisambwa, Mbukusu kimisambwa, na Kiswahili huwaunganisha. Kwa desturi, marehemu huzikwa katika boma lake, hatua chache kutoka mlangoni. Kwa hiyo kusema tu kwamba nyumba ina wafu karibu si kutisha. Ni kusema kwamba ni nyumba ya watu. Kinachotia hofu ni mfu aliyedhulumiwa, au mahali ambapo mwenye mahali hajulikani.

Kutokana na hayo, neno mizimu lafaa kwa filamu ya 1999 na tamthilia ya 2018, kwani humo wafu wana jamaa na madai. Halifai kwa filamu ya 1963, kwa sababu laipa nasaba hofu isiyo na nasaba. Kizuka nacho hakifai, maana hapana kinachozuka. Hapo tunapendekeza msimulizi aseme "jumba lina wenyewe", bila kuwataja wenyewe hao ni nani. Katika nchi ya walowezi na wahamiaji, mtazamaji hatahitaji ufafanuzi.

Msimulizi atumiaye "mashetani" kwa matoleo yote matatu huyafanya kuwa filamu moja, na hadhira hunyimwa nafasi ya kuona kwamba watengenezaji wa Marekani wamekuwa wakimrudisha mfu kwa jamaa zake hatua kwa hatua. Walimu wa tafsiri hawana budi kulitazama jambo hili. Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Upungufu ni wa uangalifu katika kuyachagua.