ANKO KALETA DILI LA SUNGURA, MEZANI KULA HATAKI MTU!

Msomaji wangu, kuna watu ukitaka kuwajua usiwaulize jina wala kazi. Wewe waandalie msosi, halafu kaa pembeni uwatazame wanavyokula. Mimi hiyo ndiyo starehe yangu ya bure. Nyumbani kwetu Tabata, Jumapili jioni tunakula pamoja, na siku ambazo ndugu wamejaa tunafika hata watu kumi na wawili. Kila mmoja ana vituko vyake.

Baba hagusi kuku mpaka firigisi imetua kwenye sahani yake. Hasemi kitu, anakohoa tu. Siku moja kaka yangu mkubwa aliipitia jikoni kimya kimya, chakula cha jioni kikageuka msiba. Bibi, mzaa baba, ugali usiposhikika mkononi anauita uji, na kwake kijiko ni cha wagonjwa. Shemeji yetu, mke wa kaka, kwao ni Bukoba. Wali anauhesabu kama kitafunwa, chakula ni ndizi. Msimu wa senene anatumiwa kopo kutoka nyumbani kwao na anawala huku akicheka peke yake. Anasema zamani kule wanawake walikuwa wanawakamata na kuwaandaa, lakini wenye ruhusa ya kula walikuwa wanaume. Sasa kopo zima ni lake, na kaka anaomba.

Shangazi ni Msabato wa kweli kweli. Kitimoto hagusi, kambale hagusi, pweza na kamba hataki hata kuwaona. Mdogo wangu wa kike, aliyemaliza fomu foo na kupata nafasi ya kusomea uuguzi, anakuja mezani akiwa ameshakandamiza zege la chipsi mayai kibandani, halafu anazuga kuchezea mchicha. Mama anakula mwisho kabisa. Ndiye anayejua nani kala nini, nani kabakisha, na nani kaficha mnofu chini ya ugali.

Nimewataja wote hawa kwa sababu, msomaji, hao ndio walioliua dili la anko.

Anko ni mdogo wake mama. Ni mtu poa, mcheshi, hana baya na mtu, ila mipango yake huwa inatangulia pesa. Januari aliingia sebuleni na bahasha ya kaki pamoja na kalamu sikioni. Tulikuwa tunakula wali maharage. Akasogeza bakuli la kachumbari, akageuza risiti ya LUKU na kuanza kuandika tarakimu nyuma yake.

Dili lenyewe ni hili. Kuna watu wanauza sungura wa mbegu. Wanakupa majike kumi, dume moja na mabanda kwa shilingi 1,800,000, na mnaandikishana mkataba kwamba watoto wakifikisha miezi mitatu, wao wenyewe watakuja kuwanunua kwa shilingi 20,000 kila mmoja. Sungura hubeba mimba kama siku 31 tu. Jike moja likizaa mara tano kwa mwaka, kila uzao watoto sita, majike kumi yanakupa watoto 300. Zidisha kwa elfu ishirini, milioni sita! Anko aliipigia mstari hiyo milioni sita mpaka risiti ikatoboka.

"Dada," akamwambia mama, "hela ya kikoba imekaa tu, inalia. Mimi naizalisha."

Hapo ndipo wali uliponikwama. Kikoba cha mama kilivunjwa Desemba na mgawo wake ulikuwa karibu kabisa na hiyo 1,800,000. Mama aliiweka kidogo kidogo mwaka mzima, kwa kuuza vitumbua alfajiri, na kila mtu pale mezani alijua hela ile ni ya chuo cha mdogo wangu, kinachofunguliwa mwezi wa tatu. Anko naye alijua. Kwa hesabu yake, hela ingerudi imezaa kabla ya muhula wa pili. Mdogo wangu akaacha kuchezea maharage, akawa anamwangalia mama machoni.

Mimi hesabu shuleni nilipata D, lakini kuzidisha najua. Usiku ule nikaendeleza ile risiti. Watoto 300, nusu majike, ni 150. Hao wakiuzwa kama mbegu, majike kumi kwa kila mfugaji mpya, wafugaji ni kumi na tano. Hayo majike 150 nayo yakizaa hivyo hivyo, mwaka wa pili ni sungura 4,500. Mwaka wa tatu ni 67,500. Na hao wote ni wa mfugaji mmoja tu, anko! Sasa swali: nani anawala? Nilizunguka mabucha matatu ya Tabata kuuliza nyama ya sungura. La kwanza walicheka, la pili waliniuliza kama naumwa, la tatu wakasema labda niende supamaketi za wazungu huko Masaki.

Maana mchezo wenyewe uko hapo, msomaji. Ukiona anayekuuzia mbegu ndiye huyo huyo anayeahidi kununua mazao, na huoni sufuria yoyote mjini inayochemka hiyo nyama, ujue hela ya kukulipa wewe inatoka kwa anayenunua mbegu nyuma yako. Siku wateja wapya wakikatika, mkataba unabaki karatasi. Mwaka 2009 nilikuwa bado mtoto, lakini nakumbuka wakubwa walivyohaha na DECI, pale watu walipokuwa "wanapanda" hela wakingoja kuvuna, mpaka serikali ikaingilia. Wenzetu Kenya nao, mwaka 2013, walishikwa na homa ya mayai ya kware. Yai lile la gramu kama kumi lilisifiwa kutibu kila kitu, bei ikapaa, kila mwenye uwanja akaingia, na leseni ya kufuga ikawa inatafutwa kwa shirika la wanyamapori. Mwaka uliofuata mayai yakajaa kila kona, bei ikaporomoka. Waliokula vizuri ni waliouza ndege wa mbegu mwanzoni.

Sisemi kwamba Mswahili hajifunzi kula kitu kipya. Kitimoto hiyo hapo! Dar ina Waislamu wengi, ina Wasabato, ina watu wasiotaka hata harufu yake, lakini nguruwe amejitengenezea soko kupitia baa, na ndizi, na pilipili, sahani moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeuziwa nguruwe kumi wa mbegu kwa mkataba ili kitimoto ivume. Mtu alikaanga, mwingine akanusa, akalipa, akarudi na mshikaji wake. Zege nalo hivyo hivyo.

Mama hakubishana na mdogo wake. Alisema tu, "Mdogo wangu, Jumapili ijayo lete mmoja nimpike. Tuone."

Kweli akaletwa, ameshachunwa. Bibi alipoingia jikoni akamwona mezani, akarudi nyuma hatua mbili. "Huyu paka!" Anko akaapa kwa Mungu kwamba ni sungura. Lakini bibi hakukosea sana, maana ukishamchuna na kumkata kichwa, sungura na paka ni kama mapacha. Mama alimwunga kwa nazi, tangawizi na ndimu, nyumba nzima ikanukia.

Sasa angalia meza. Shangazi alifungua Biblia, Mambo ya Walawi 11, aya ya sita, akanyoosha kidole palipoandikwa sungura, akavuta bakuli la mlenda. Mtoto wa kaka, ana miaka mitano, akauliza kama huyu ndiye Sungura mjanja aliyemzidi Fisi akili. Hakuna aliyemjibu haraka, akaangua kilio. Shemeji akasema angekuwa senene sawa. Bibi alikula mchuzi, nyama akaisogezea ukingoni. Baba alikula vipande viwili, akasifia, halafu akauliza firigisi iko wapi. Akaambiwa sungura hana firigisi. Akakohoa.

Mimi nilikula, na nitasema ukweli. Nyama tamu, nyeupe, inakaribia kuku wa kienyeji, ila haina mafuta, ukiizidisha moto inakauka. Nikiuziwa sahani na ndizi za kukaanga naweza kurudi. Lakini kwa shilingi elfu ishirini mzima, wakati kuku wa kisasa mwenye nyama zaidi tunampata kwa chini ya nusu ya hapo? Thubutu.

Anko mwenyewe, msomaji, alipopakuliwa alisema tumbo limejaa, kala chapati njiani.

Mama alitoa vyombo bila neno. Jumatatu akaenda benki na mdogo wangu, wakalipa ada ya chuo, risiti akaibandika kwenye friji kwa sumaku ambapo kila anayefuata maji ya baridi anaiona. Anko alinuna kama wiki mbili hivi. Mama alimpa nauli ya kurudi kwake Mbagala na vitumbua kwenye mfuko.

Ila hakukata tamaa. Alinunua majike mawili na dume kwa hela yake. Bahati mbaya dume la sungura halipendi joto, likipita nyuzi 30 nguvu zake za uzazi zinashuka, na Februari ya Dar mnaijua wenyewe. Anko alikuwa analimwagia maji na kulipepea kwa kawa. Sasa mvua zimekuja, wamefika kumi na wanne. Hajauza hata mmoja. Mtoto wa kaka alipelekwa kuwaona, na wote ameshawapa majina.