Utangulizi: Miungu wa Kizingitini

Wengi huingia katika dini ya Warumi kwa mlango mkuu: Jupiter na radi zake, Mars na vita vyake, mahekalu na nguzo zake. Kitabu hiki kinapita uani. Humu wamo miungu ambao kazi ya kila mmoja karibu haizidi tendo moja. Cunina alilinda kitanda cha mtoto mchanga, Rumina alisimamia unyonyaji, Educa na Potina walimfundisha mtoto kula na kunywa, Statilinus alimsimamisha, Fabulinus akamfungua ulimi. Hata mlango ulikuwa na wenyewe: Forculus wa ubao, Cardea wa bawaba, Limentinus wa kizingiti. Augustino, mwandishi Mkristo, aliwacheka sana hao watatu, maana nyumba ya binadamu hutosheka na bawabu mmoja.

Kicheko hicho ndicho tatizo la kwanza la fani hii. Mtaalamu mkubwa wa mambo haya, Varro, aliyefariki mwaka 27 K.K., aliandika vitabu 16 juu ya mambo ya miungu, akamtunukia Julius Caesar. Vyote vimepotea. Tulichobakiwa nacho kwa sehemu kubwa ni vipande walivyonukuu Wakristo waliotaka kumuumbua: Tertullian, Arnobius na Augustino mwenyewe, wote watatu watu wa Afrika Kaskazini, katika nchi ambazo leo ni Tunisia na Algeria. Ni sawa na kuijua kesi kwa kumsikiliza wakili wa upande mmoja tu. Hata hivyo tuwashukuru. Bila ubishi wao majina mengi yasingetufikia.

Tazama jambo moja ambalo Augustino alilitoa kwa Varro. Mwanamke akijifungua, ilihofiwa kwamba Silvanus, mungu wa porini, angeingia usiku amdhuru. Basi wanaume watatu waliizunguka nyumba gizani. Wa kwanza alikipiga kizingiti kwa shoka, wa pili kwa mchi, wa tatu akakifagia. Intercidona alikuwa wa shoka, Pilumnus wa mchi, Deverra wa ufagio. Kwa nini vyombo hivyo? Kwa sababu miti haikatwi bila shoka, nafaka haitwangwi bila mchi, wala mavuno hayakusanywi bila ufagio. Pori huzuiwa kwa zana za shamba. Mimi naona hapa fikra nzito kuliko hadithi nyingi za Jupiter.

Ndoa nayo ilikuwa na miungu wake. Jugatinus aliwaunganisha wawili, Domiducus alimfikisha bibi harusi nyumbani, Manturna alimfanya akae na mumewe. Wako pia wa chumbani usiku wa harusi, ambao Augustino anawataja kwa kinyaa na kwa kirefu, jambo linalochekesha kidogo. Ninayempenda zaidi ni Viriplaca. Mwandishi wa Kirumi Valerius Maximus anasema alikuwa na mahali pake patakatifu kilimani Palatine: mume na mke waliogombana walikwenda huko, kila mmoja akasema yake kwa zamu, kisha wakarudi nyumbani wamepatana. Jina lake lakini humaanisha mtuliza mume, na msomaji mwanamke ana haki ya kuuliza nani alimtuliza mke.

Je, Warumi waliwaabudu kweli hawa wote? Mwanazuoni Mjerumani Hermann Usener, mwaka 1896, aliona hapa tabaka kongwe la dini, la miungu wa tendo moja moja. Georg Wissowa alimpinga akisema majina mengi ni kazi ya wasomi wapenda orodha. Kwa maoni yangu Wissowa ana nguvu zaidi, ila si kwa wote. Rumina alikuwa na mahali pake karibu na mtini maarufu wa Roma, akitolewa maziwa badala ya divai. Na Lares, walinzi wa nyumba, tunawaona wazi katika kuta za Pompeii, mji uliofukiwa mwaka 79 B.K. Mwaka 392 Kaisari Theodosius bado alilazimika kupiga marufuku kuwaheshimu Lares kwa moto na Penates, miungu wa ghala la nyumba, kwa uvumba, hata nyumbani kwa siri.

Ukitaka kuendelea, anza na kitabu cha nne na cha sita cha Mji wa Mungu cha Augustino. Kila jina likitokea, uliza kwanza nani alifanya nini kwa mikono yake, na mahali gani. Jina lisilo na jibu liweke kando kwa muda.